Rubani anaangalia nini, na anaacha nini

Ndege ya abiria ikiwa huko juu futi 36,000 na mambo yakiwa sawa, vitufe karibu vyote vya kokpiti, yaani chumba cha marubani, havina taa. Watu wengi hii hawaiamini, maana wameona zile picha, vitufe darini, vitufe mbele, vitufe katikati ya viti, wakajijengea kwamba kila kimoja kinataka macho ya rubani muda wote. Wapi! Watengenezaji, na Airbus ndo wamelishika sana hili, waliamua kwamba kitufe kikiwa kwenye hali yake ya kawaida kisiwake kabisa, kiwake siku kina neno. Kwa hiyo ukiinua shingo ukatazama paneli ya juu ukakuta giza, umeshakagua umeme, mafuta, haidroliki, hewa ya kabini na vingine kibao kwa kutupa jicho mara moja tu, na jibu ulilopewa ni endelea na shughuli zako.

Mi nakaa kiti cha kulia, rubani msaidizi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni nakumbukaje kazi ya vitufe vyote vile. Najibu kwa heshima ila swali lenyewe limekaa upande. Vitufe unavisoma tu, ukiwa na vitabu na simyuleta, ile kokpiti ya mazoezi isiyoruka, na muda wa kutosha vinaingia. Shida iko kwingine kabisa. Kuna dakika, hasa za kupaa na za kushuka, ambazo taarifa zinazokuja ni nyingi kuliko kichwa cha binadamu kinavyoweza kubeba, na lazima uamue hapo hapo ipi iingie, ipi ingoje, na ipi uipotezee hata kama inawaka na kupiga kelele. Kwa mtazamo wangu hiyo kazi ya kuacha ndo urubani wenyewe, kushika usukani ni kipande kidogo.

Tuanze na macho. Mbele ya kila rubani kuna skrini ambayo katikati yake kuna upeo bandia, bluu juu na kahawia chini, unaokuonyesha ndege imelala vipi na pua imeelekea wapi. Kushoto kwake iko spidi, kulia mwinuko, chini uelekeo. Mpangilio huu wa herufi T ni mkongwe kuliko skrini zenyewe, ulikuwepo enzi za saa za mishale na umebaki kwa sababu unafuata njia ambayo jicho linapita. Jicho linaanzia kwenye upeo, linaenda kwenye spidi, linarudi kwenye upeo, linaenda kwenye mwinuko, linarudi, linashuka kwenye uelekeo, linarudi tena. Na mtu mzoefu haangalii ili ajue namba, anaangalia kuhakikisha namba ni ile aliyoitegemea. Mwanafunzi anasoma altimita, yaani kipima mwinuko, mzoefu anaikagua, ikiwa sawa anapita bila hata kujua amepita, ikiwa si sawa jicho linakwama lenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani, mwanasaikolojia Paul Fitts na wenzake walifunga kamera kwenye kokpiti wakarekodi macho ya marubani waliokuwa wanashuka kwa kutegemea vyombo tu. Wakaona kwamba idadi ya mara ambazo jicho linarudi kwenye kifaa inaonyesha kifaa hicho kina umuhimu gani, lakini urefu wa muda linaokaa pale unaonyesha kifaa kina ugumu gani kusomeka. Mi hili nalipenda sana. Maana yake kifaa kinachong'ang'ania macho ya mtu huenda si muhimu hata kidogo, kimetengenezwa vibaya tu.

Hata vidole vinasoma. Wakati wa vita, mwaka 1943, Alphonse Chapanis alitumwa kuchunguza kwa nini marubani wa B-17, ndege ya kudondosha mabomu, walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu ndege ikiwa chini, yaani ndege inakaa kwa tumbo. Akakuta swichi ya magurudumu na ya flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ziko jirani na zinafanana. Dawa yake ilikuwa kibandiko cha gurudumu la mpira kwenye moja na umbo la kabari kwenye nyingine, na mpaka leo ukishika leva ya magurudumu kwenye ndege ya abiria utakuta kichwa chake ni cha mviringo kama gurudumu, kanuni zinadai hivo. Mkono unajua umeshika nini, macho yanabaki yanafanya kazi nyingine.

Sasa kumbukumbu. George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba binadamu anashika vitu kama saba kwa wakati mmoja, baadaye wengine akiwemo Nelson Cowan wakasema hata saba ni kujipendelea, ukweli uko karibu na vinne. Chukua hiyo vinne halafu sikiliza muongoza ndege akikuambia kwa pumzi moja: geuka kulia uelekeo 240, shuka futi 4,000, spidi 180, ukifika hapo ongea na wenzangu masafa 119.7. Vinne hivyo, na bado hujahesabu mvua iliyo mbele, mafuta, na ndege iliyokutangulia. Ukijaribu kuvibeba kichwani vyote, kimoja kitadondoka, na kwa kawaida kinadondoka kile ambacho hutakikumbuka mpaka mtu akuulize.

Kwa hiyo hatuvibebi. Wakati mmoja wetu anamrudishia muongoza ndege maneno yake neno kwa neno, mwingine mkono wake tayari uko kwenye paneli ndogo chini ya kioo cha mbele, anazungusha kinobu cha uelekeo mpaka 240, cha mwinuko mpaka 4,000, cha spidi mpaka 180. Kile kidirisha kinachoonyesha 4,000 ndo kumbukumbu. Halafu tunakinyooshea kidole wote wawili, mmoja anataja, mwingine anathibitisha. Mtu akituona anaweza kudhani tunaigiza, watu wazima wawili wamekaa wananyooshea kidole namba waliyotoka kuisikia wote! Lakini sekunde hizo mbili ndo zinakamata pale ambapo sikio la mmoja lilisikia 4,000 na la mwenzake likasikia 5,000. Mtafiti Edwin Hutchins aliandika mwaka 1995 kwamba ukitaka kujua spidi za kutua zinakumbukwa wapi usitafute kwenye kichwa cha rubani, tafuta kwenye kokpiti nzima: karatasi, alama kwenye kipima spidi, maneno yanayotamkwa kwa sauti, na watu wawili. Kokpiti ndo inayokumbuka.

Masafa ya redio yana uzuri wake pia. Redio inaongea karibu muda wote karibu na uwanja wenye ndege nyingi na huwezi kuisikiliza yote, wala hujaribu. Unaiacha ipite, ni kama kwenye ukumbi wa harusi ambapo kila mtu anapiga kelele lakini mtu akitaja jina lako meza ya tatu unageuka. Namba ya ndege yako ikitajwa sikio linafunguka. Ila ukizoea zaidi unaanza kunasa na mengine bila kujituma: ndege iliyo mbele yetu imeambiwa ipunguze spidi, basi na sisi dakika si nyingi tutaambiwa, wacha nianze kufikiria spidi yangu saivi.

Hapo ndo tunafika kwenye kitu ambacho walimu wanakihubiri tangu siku ya kwanza, kuwa mbele ya ndege. Mica Endsley, ambaye alikuja kuwa mwanasayansi mkuu wa jeshi la anga la Marekani, aliipanga mwaka 1995 kwa ngazi tatu: kuona kilichopo, kuelewa maana yake, na kujua kitakuwaje baada ya muda. Ngazi ya tatu ndo inayolipa. Mfano rahisi ni kushuka. Kompyuta ya ndege inakokotoa yenyewe wapi pa kuanzia kushuka na inaweka alama kwenye ramani, vizuri tu. Lakini sijakaa na kapteni hata mmoja wa maana ambaye haipigi hesabu hiyo kichwani pia, na hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Chukua mwinuko kwa maelfu, zidisha kwa tatu, umepata maili unazohitaji. Futi 36,000 ni 36 mara tatu, maili 108 za baharini. Ongeza kama kumi hivi za kupunguza spidi. Upepo ukiwa unakusukuma kwa nyuma, ongeza tena kidogo. Basi.

Uzuri wa hesabu hii unaonekana njiani. Uko futi 20,000, tatu mara ishirini ni sitini, unaangalia umbali uliobaki unakuta hamsini. Uko juu. Bado hakuna taa iliyowaka wala kengele iliyolia, lakini wewe unajua kwamba dakika kumi zijazo zitakuwa za kubanana usipofanya kitu sasa, kwa hiyo unafungua breki za hewa kidogo au unaongeza spidi ya kushuka ukiwa bado na akili imetulia. Karibu na chini unayo nyingine: spidi ya kwenda ardhini gawa kwa mbili, zidisha kwa kumi. Noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, nusu yake 70, mara kumi ni futi 700 kwa dakika, huo ndo mteremko wa nyuzi tatu wa kawaida. Nikiona 1,100 najua kuna kitu hakiko sawa kabla sijajua ni kipi. Kompyuta ni sahihi kuliko mimi, sibishani nayo, ila kompyuta inajibu kile ilichoulizwa, na mtu akiingiza njia isiyo yenyewe itakokotoa kosa hilo kwa usahihi mkubwa sana.

Watengenezaji nao walilielewa hili, ndo maana kwenye mkanda wa spidi kuna mshale mdogo unaoonyesha spidi itakuwa ngapi baada ya sekunde kumi mambo yakiendelea hivi hivi. Kitu kidogo kile kimeondoa kazi kubwa kichwani. Badala ya kusoma namba tatu mfululizo na kutoa, unaona mshale, mrefu au mfupi, juu au chini.

Na otopailoti, ule mfumo unaorusha ndege wenyewe? Watu wanadhani otopailoti inapunguza kazi ya kichwa. Inapunguza kazi ya mikono. Kichwani inaongeza kazi mpya, ya kujua mashine inafikiri nini. Juu kabisa ya ile skrini kuna mstari mwembamba wa maneno unaoonyesha otopailoti iko kwenye modi gani saivi: nani anashika spidi, nani anashika mwinuko, nani anashika njia. Ule mstari ndo ukweli. Kitufe ulichobonyeza ni ombi tu, mstari ndo jibu, na unaweza kuomba kitu ukajibiwa kingine. Tarehe 6 Julai 2013 Boeing 777 ya Asiana ilikuwa inashuka San Francisco kweupe kabisa, anga safi, na marubani waliamini mfumo wa nguvu za injini unawashikia spidi. Kumbe kwa mfuatano wa vitufe walivyobonyeza mfumo ule ulikuwa umeingia kwenye modi ambayo haushiki chochote, umekaa tu. Spidi waliyoilenga ilikuwa noti 137, ikashuka mpaka kama 103 kabla ndege haijagonga ukuta wa bahari mbele ya runwei, watu watatu wakafa. Modi ilikuwa imeandikwa pale juu muda wote, herufi nne. Kuna mashirika ambayo ni lazima kila badiliko la mstari ule lisomwe kwa sauti, na marubani wageni wanaliona jambo la kuchosha. Mi silioni hivo, sauti ndo inayolilazimisha jicho lifike.

Mshika mawili moja humponyoka, na wakati mwingine kinachoponyoka ni ndege. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya Eastern, Lockheed L-1011, ilikuwa inakaribia Miami na taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Wakapanda futi 2,000, wakaweka otopailoti, wakaanza kushughulika na ile taa. Kapteni, rubani msaidizi na fundi wa ndege, na fundi mwingine wa kampuni aliyekuwa amepanda nao, wote akili iko kwenye balbu. Katika kuhangaika usukani ukasukumwa kidogo na otopailoti ikaachia kushika mwinuko, ndege ikaanza kushuka taratibu sana, hivyo mwili hausikii chochote na nje ni giza la kinamasi. Kengele moja fupi ililia upande wa meza ya fundi kusema mwinuko umebadilika. Hakuna aliyejibu. Walikufa watu zaidi ya 100, na gurudumu lilikuwa limeshuka vizuri, balbu ndo ilikuwa imeungua.

Ile ajali inafundishwa mpaka leo, na kinachofundishwa hasa ni kugawana vichwa. Kwenye ndege ya watu wawili mmoja anarusha na mwingine anafuatilia, na kikitokea kitu sentensi ya kwanza ni nani ana ndege. Anayerusha hagusi tatizo. Hata likimvutia, hata kama yeye ndo analijua zaidi, hagusi. Kuna mpangilio wa kale ambao kila rubani duniani anaujua: kwanza rusha, pili jua unaelekea wapi, mwisho ndo uongee. Muongoza ndege akiuliza mnataka nini wakati kokpiti inawaka moto, jibu ni "ngoja", na hakuna utovu wa adabu hapo.

Mengine yamewekwa kwenye sheria na kwenye mashine. Tangu 1981 kanuni za Marekani zinakataza stori zozote zisizohusu kazi ndege ikiwa chini ya futi 10,000, na mashirika mengi duniani yanafuata hivo hivo. Na ndege ikiwa inakimbia kwenye runwei kupaa, mashine yenyewe inanyamaza: kwenye Airbus, ukishavuka noti 80 mpaka ukifika kama futi 1,500 juu, tahadhari nyingi ndogo zinazuiwa zisitokee. Yaani ndege inajua kuna hitilafu na inakuficha kwa makusudi! Mara ya kwanza nilipolisoma hili nilishtuka, lakini fikiria, tani sabini zinakimbia, una sekunde chache za kuamua kusimama au kwenda, unataka kweli kuambiwa feni ya choo imekufa? Na ikishafika ile spidi ya uamuzi, kapteni anaondoa kabisa mkono kwenye leva za injini. Anauondoa ili mwili wake usishawishike. Swali la kusimama limeshafungwa, kuanzia hapo tunapaa na tatizo letu tutalijadili hewani.

Kufunga maswali mapema ni nusu ya kazi yote. Kabla ya kupaa tunakaa tunasema kwa sauti: injini ikifa kabla ya hapa tunafanya hivi, ikifa baada ya hapa tunafanya vile, tunageukia huku. Kwa sababu ukishapigwa na mshtuko, kichwa kinakuwa chembamba, hakibuni, kinatekeleza kilichokuwemo tayari. Tarehe 1 Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana wakafa watu 71, na ndege moja ilikuwa imeambiwa na mashine yake ya kukwepana ipande huku muongoza ndege akiiambia ishuke. Leo hilo si swali tena. Mashine ikisema panda, unapanda, muongoza ndege utamwambia baadaye. Jibu limeshatolewa darasani ili mtu asilitafute ndani ya sekunde tano.

Lakini kuna siku kichwa kinazidiwa hata kikiwa kimeandaliwa, na hapa lazima nikae kidogo na Air France 447, maana watu wengi wanaisimulia kirahisi. Tarehe 1 Juni 2009, usiku, A330 kutoka Rio kwenda Paris na watu 228, juu ya Atlantiki. Mirija ya kupima spidi ikaziba na barafu, spidi zikapotea kwa muda usiofika dakika moja, otopailoti ikajitoa, kapteni alikuwa mapumzikoni. Rubani aliyekuwa anarusha akavuta pua juu. Ndege ikapanda, ikapoteza spidi, ikaingia stoli, yaani bawa likaacha kubeba. Kengele ya stoli ikalia kwa sekunde 54 mfululizo, sauti ya mtu inayotamka neno lenyewe kwa nguvu. Na kwenye rekodi ya sauti hakuna hata mmoja anayeitaja.

Ukiisikia hii ukiwa kwenye kochi unasema hawa jamaa vipi. Lakini macho yakilemewa, masikio yanafunga, hili limepimwa kwenye simyuleta na vipimo vya ubongo, mtu mzima mwenye masikio mazima anashindwa kusikia kengele kwa sababu kichwa kimetumika chote kwenye kuona. Na kuna kibaya zaidi. Ndege ile ilipopungua spidi sana, chini ya noti 60, kompyuta ikaona vipimo hivyo haviwezi kuwa vya kweli ikanyamazisha kengele. Kwa hiyo rubani akivuta, kimya. Akiachia pua ishuke, ambalo ndo jambo sahihi, spidi inarudi kwenye namba inayoaminika na kengele inaanza kulia upya. Yaani akifanya vibaya anasifiwa, akifanya vizuri anakemewa. Dakika nne na ushee tangu otopailoti ijitoe, wakafika baharini. Mi kila nikiifikiria ile sehemu ya kengele, nashindwa kusema tu "makosa ya rubani" nikaenda zangu.

Upande wa pili wa sarafu ni tarehe 4 Novemba 2010, Qantas 32, A380 iliyotoka Singapore kwenda Sydney na watu 469. Injini namba mbili ilipasuka, vipande vikachana bawa, nyaya, mabomba. Skrini ikaanza kumwaga ujumbe wa hitilafu, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya 50. Kila ujumbe unakuja na hatua zake za kufuata, mfumo mmoja ukifa unaua na mwingine, orodha inajipanga upya ukiwa bado unaisoma. Kwa bahati kokpiti ilikuwa na marubani watano siku ile kwa sababu ya ukaguzi, na bado ilichukua kama dakika 50 kumaliza kuzipitia.

Kapteni, Richard de Crespigny, baadaye alieleza kwamba kuna mahali alichoka kufuatilia kilichoharibika. Akageuza swali: kipi kinafanya kazi? Nina mafuta yanayofika kwenye injini? Nina vya kugeuzia? Nina breki kiasi gani? Akaijenga ndege kichwani upya kuanzia sifuri, kama vile ni kindege kidogo cha Cessna, na akagundua kwamba vilivyobaki vinatosha kutua. Wakatua, hakuna aliyeumia. Hesabu ya vilivyokufa ilikuwa haibebeki na kichwa chochote, lakini ya vilivyobaki hai ilikuwa fupi, inashikika. Taarifa ni zile zile, ndege ni ile ile, ameacha upande mmoja wa orodha. Kwenye simyuleta siku hizi nikirushiwa hitilafu tatu nne kwa mpigo huwa najiuliza swali lake kwanza, na ninashusha mikono mapajani. Walimu wa zamani walikuwa wanawaambia wanafunzi kikitokea kitu kwanza tia saa ya kokpiti ufunguo, ambayo haisaidii chochote isipokuwa kukuzuia usiguse kitu kingine kwa sekunde tatu.

Sasa niseme jambo ambalo linaniudhi. Yote haya ya kuchuja, kukagua, kugawana, kufunga maswali mapema, yanawezekana kama aliyeitengeneza ndege naye amefikiria kichwa kitakachokuwa ndani yake. Lion Air 610 tarehe 29 Oktoba 2018, watu 189. Ethiopian 302 tarehe 10 Machi 2019, watu 157. Zote Boeing 737 MAX, na kwenye zote kipimo kimoja cha pembe ya bawa dhidi ya hewa kilitoa namba za uongo, mfumo wa kompyuta uitwao MCAS ukaziamini ukawa unasukuma pua chini. Watengenezaji walikuwa wamejiambia kwamba rubani atatambua haraka na atajibu inavyopaswa. Mwezi Septemba 2019 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ikasema wazi kwamba majaribio ya simyuleta yalikuwa yamejaribu ile pua kusukumwa peke yake, bila kuambatanisha makelele mengine yote yanayokuja na kipimo kibovu kwa wakati mmoja. Kwenye ndege halisi usukani wa kapteni ulikuwa unatetemeka mfululizo kuonya stoli ambayo haipo, huku skrini zikisema spidi hazikubaliani na mwinuko haukubaliani. Rubani wa kwenye karatasi alikuwa na tatizo moja. Rubani wa kwenye kiti alikuwa na manne au matano, na lililokuwa linaua lilikuwa ndo halina kengele yake.

Ndege nyingi za kisasa zina skrini moja inayozipanga hitilafu kwa uzito, hii kwanza, hii baadaye. 737 haina, ni muundo wa miaka ya 1960 ulioongezwa viraka, taa hapa, taa pale, marubani wenyewe ndo wapange. Desemba 2020 bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba ndege mpya zitakazoidhinishwa baada ya miaka miwili lazima ziwe na mfumo kama huo, na Desemba 2022 muda ulipoisha likazilegezea MAX 7 na MAX 10. Mi nilikuwa upande wa waliotaka sheria ibaki ilivyo, ingawa najua hoja ya wale wanaosema rubani anayehama kutoka 737 ya zamani kwenda mpya atachanganywa na mfumo tofauti, na si hoja ya kitoto. Ila kulegeza kulikuja na masharti mawili kwa MAX zote: ziongezewe chanzo kingine cha kukagua vipimo vya pembe ya bawa, na ziwekewe njia ya marubani kuzima lile onyo la stoli na la spidi iliyozidi likiwa linalia kwa uongo. Ilibidi bunge liseme ndo rubani apate njia ya kunyamazisha kelele ambayo ameshajua ni ya uongo.